Somo la Robo Hii: Meza, Monita na Macho ya Karani Wetu



Katika masomo yaliyopita tumezoea kuzungumza juu ya vitalu vya miche, mabanda ya mbuzi na vikundi vya kuweka na kukopa. Safari hii tunaingia ofisini. Huenda wengine wakauliza, mradi wa maendeleo vijijini una habari gani na monita ya kompyuta? Nasi tuliuliza hivyo hivyo, mpaka kosa lilipotufikia mlangoni. Tunalisimulia ili sharika zilizokwisha kupata kompyuta, na zile zinazotarajia kupata, zisirudie tuliyoyafanya sisi.

Jinsi tulivyokosea

Ofisi yetu ndogo ya mradi iko upande wa Mtendeli, katika wilaya ya Kakonko, ambayo kabla ya mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Kibondo. Wengi mnaifahamu Mtendeli kwa sababu ya kambi ya wakimbizi kutoka Burundi. Iliwapokea katika miaka ya 1990, ikafungwa, ikafunguliwa tena Januari 2016, kisha ikafungwa mwishoni mwa mwaka 2021, na waliobaki wakahamishiwa Nduta. Enzi zote hizo kazi kubwa ya ofisi za huku imekuwa orodha: nani amefika, kaya ina watu wangapi, nani amepata na nani hajapata. Jina likikosewa kwenye orodha, mtu hulala na njaa. Somo hilo tulilijua vizuri kwa mdomo.

Tangu enzi za kambi za kwanza tulikuwa na monita mbili nene, zile ambazo vijana wanaziita za chogo. Kambi ilipofungwa na ofisi nyingi kuhama, tulipata monita mbili bapa zilizokwisha kutumika. Tulimshukuru Mungu, tukaziweka pale pale zilipokuwa zile za chogo, tukaendelea na kazi. Monita zilibadilika, lakini sisi hatukubadilika.

Miezi michache baadaye, mama mmoja wa kikundi cha kitalu alikuja ofisini akiwa ametembea tangu alfajiri. Malipo yake ya miche, yanayotumwa kwa simu, hayakufika. Wenzake wote walikuwa wamepata. Tulipotazama orodha tukakuta namba yake imeandikwa 3 mahali pa 8, na fedha imekwenda kwa mtu asiyehusika. Ilichukua wiki tatu kuirudisha. Katika wiki hizo tatu shule zilifunguliwa, na mtoto wake akachelewa kuanza kwa kukosa sare. Tulipopitia orodha nzima tukakuta makosa mengine manne ya namna hiyo hiyo.

Tulifanya lile ambalo wakubwa wengi hufanya: tulimwandikia karani barua ya onyo. Tulimwambia kuwa siku hizi hayuko makini, na kwamba anakaa ameinama mbele ya kompyuta kama mtu aliyechoka kabla ya kazi kuanza. Karani wetu ni mama mwenye miaka zaidi ya arobaini, ametumika nasi muda mrefu, na hakuwa na historia ya makosa. Aliisoma barua, akaikunja, akasema kwa heshima, "Nimeipokea. Ila nawaombeni jambo moja, wazee wangu. Njoni mkae kwenye kiti changu saa kumi jioni, mwandike majina kumi tu."

Saa kumi tulikwenda, tukaketi, tukashindwa kufikisha jina la tano.

Tulichokiona kutoka kwenye kile kiti

Dirisha pekee la chumba kile linatazama magharibi. Meza ilikuwa imewekwa hivi kwamba mwandishi analipa dirisha mgongo. Jua la jioni lilipita juu ya bega na kuangukia skrini moja kwa moja, na upande wa kulia, kwenye safu ya namba za simu, maandishi yalipauka kabisa. Ili kuona ilibidi tuinamishe kichwa na kukinga skrini kwa kiganja. Wakati huo mkono mmoja tu ndio unaobaki wa kuandika.

Jambo la pili ni kwamba maandishi yenyewe yalikuwa na ukungu. Karani alieleza kuwa alimwomba kijana mmoja amkuzie herufi, naye akashusha mpangilio wa skrini mpaka nukta 800 kwa 600. Herufi zikawa kubwa kweli, lakini kingo zake zikayeyuka, na tarakimu 3, 6 na 8 zikawa kama watoto wa mama mmoja.

La tatu, monita ilikuwa kwenye kona, mahali pa ile ya chogo. Kibodi ilikuwa katikati ya meza. Kwa hiyo mwili unatazama huku na shingo inatazama kule, kutwa nzima. Karani alikuwa akinunua dawa ya maumivu ya shingo kila wiki, nasi hatukuwahi kumuuliza kwa nini.

Tuliuliza pia kwa nini meza iliwekwa pale tangu mwanzo. Jibu lilikuwa rahisi: soketi ya umeme iko kwenye ukuta ule. Meza ilifuata soketi, kiti kikafuata meza, na mtu akafuata kiti. Hakuna aliyeanza na mtu.

Wazee wetu husema mchagua jembe si mkulima, na kwa muda mrefu methali hiyo tuliitumia kuwanyamazisha watumishi wanaolalamikia vifaa. Lakini mkulima yeyote wa Kasulu au Kibondo anajua kwamba mpini wa jembe hukatwa kwa kipimo cha anayelima. Mpini mfupi mno huvunja kiuno. Halichagui jembe, ila analitengeneza limfae. Vivyo hivyo fundi cherehani huweka mashine yake barazani, mwanga ukimjia kutoka ubavuni, wala hahitaji semina ya kumfundisha. Sisi tulio na vyeti ndio tuliosahau.

Siku iliyofuata tuliiondoa ile barua kwenye jalada lake na kumwomba radhi mbele ya wenzake. Kisha tukaanza kupanga chumba upya. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Somo la kwanza: Anza na mwanga

Kakonko, Kibondo na Kasulu ziko kati ya nyuzi 3 na 5 kusini mwa Ikweta. Huku jua huchomoza upande wa mashariki na kuzama upande wa magharibi mwaka mzima. Kwa hiyo dirisha la mashariki litaleta shida asubuhi, na la magharibi litaleta shida jioni. Dirisha la kaskazini au la kusini ndilo lenye mwanga mtulivu zaidi.

Kanuni ni moja: dirisha liwe ubavuni mwa mwandishi. Likiwa mgongoni, mwanga huangukia skrini. Likiwa usoni, nyuma ya monita, macho hupigana na mwanga wa nje na skrini huonekana giza. Sisi tuliigeuza meza robo mzunguko, dirisha likawa mkono wa kushoto, kisha tukatundika pazia la kitambaa chepesi. Fundi umeme aliongeza soketi kwenye ukuta wa pili. Msipitishe waya mrefu sakafuni katikati ya chumba, kwa maana mtu atajikwaa na monita itaanguka.

Kipimo chepesi ni hiki: zima monita, keti kwenye kiti, tazama kioo cheusi. Ukiona dirisha au taa ndani yake, meza bado haijakaa sawa. Fanyeni hivyo asubuhi na tena jioni.

Somo la pili: Urefu na umbali

Monita za chogo zina kina kirefu. Ile ya inchi 17 ina kina cha kama sentimita 40 au zaidi, na uzito unaokaribia ndoo ya maji iliyojaa. Kwenye meza yenye upana wa sentimita 60 hubaki sentimita 20 tu za kibodi, na ndiyo maana watu waliisukumia kwenye kona. Monita bapa haina haja ya kona. Iwekwe mbele ya mwandishi moja kwa moja, kibodi mbele yake, na karatasi inayonakiliwa kando ya skrini kwa urefu ule ule. Karatasi ikilala mezani, shingo itapanda na kushuka mara mia kwa siku.

Umbali: keti wima, nyosha mkono. Ncha za vidole ziguse skrini au zikaribie kuigusa. Kwa watu wengi hiyo ni kati ya sentimita 50 na 75.

Urefu: ukingo wa juu wa skrini uwe sawa na macho au chini kidogo, ili macho yatazame kwa kushuka. Kama monita iko chini mno, msinunue kitu. Rimu moja ya karatasi ina unene wa kama sentimita 5, na rimu mbili zinatosha mara nyingi. Baadaye seremala wetu alitutengenezea kibao imara kutokana na mabaki ya mninga. Anayetumia miwani yenye sehemu mbili, ya mbali juu na ya karibu chini, ashushiwe monita zaidi, la sivyo atainua kidevu siku nzima.

Kiti: viwiko viwe usawa wa kibodi, na nyayo zikanyage sakafu. Viti vyetu ni vya mbao, havipandi wala havishuki. Kwa aliye mfupi tuliweka kipande cha godoro kwenye kiti na kisanduku cha mbao chini ya miguu. Havipendezi kwa picha, lakini maumivu ya shingo yamepungua.

Anayetumia kompyuta ya mkononi asidhani somo hili halimhusu. Skrini yake na kibodi vimeshikana, kwa hiyo kimoja kikikaa sawa kingine hukosea. Iinueni juu ya vitabu na mtumie kibodi ya nje.

Somo la tatu: Macho yana umri

Kuanzia miaka arobaini hivi, lenzi ya jicho hupoteza unyumbufu na kusoma kwa karibu huwa kugumu. Si ugonjwa wala si uzembe. Utafiti uliofanyika Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2006, uliona kwamba zaidi ya nusu ya watu wenye miaka 40 na kuendelea walikuwa na hali hiyo. Tazameni wajumbe wa kamati yenu, mhesabu wenyewe.

Karani wetu alikuwa na miwani ya kusomea, lakini miwani hiyo kwa kawaida hupimwa kwa umbali wa kitabu, kama sentimita 40. Skrini iko mbali zaidi, kwa hiyo ilimbidi ainame ili aone. Kule kuinama tulikokuita uchovu kulikuwa ni mtu anayejitahidi kutimiza kazi yake. Alipokwenda kwa mtaalamu wa macho akaeleza umbali wa monita, alipata miwani inayofaa.

Tena, mtu anayekazia macho skrini hupepesa mara chache kuliko kawaida, na macho hukauka. Wakati wa kiangazi, vumbi jekundu la huku linapotanda, hali huwa mbaya zaidi. Kila baada ya dakika 20, mwandishi atazame kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi kwa sekunde 20. Mti wa mwembe ulio nje ya ofisi yetu unatosha.

Somo la nne: Skrini yenyewe

Monita bapa ina idadi maalumu ya nukta iliyotengenezwa nayo. Nyingi za inchi 15 za zamani zina 1024 kwa 768, na nyingi za inchi 17 za umbo la karibu mraba zina 1280 kwa 1024. Kompyuta ikipangwa kwa idadi nyingine, picha hunyoshwa na herufi huwa na ukungu. Kwa hiyo rudisheni idadi ya asili, kisha kuzeni maandishi ndani ya programu au katika mpangilio wa ukubwa wa herufi. Hapo yatakuwa makubwa na safi. Sisi tuliandika namba za simu kwa herufi za ukubwa wa 14, zikiwa zimeachanishwa tatu tatu. Tangu hapo kuzihakiki kumekuwa rahisi.

Skrini ikigeuka ghafla kuwa ya njano au ya waridi, msikimbilie kusema imekufa. Mara nyingi ni waya wa picha uliolegea. Zimeni vyote, chomoeni ile plagi ya bluu yenye pini 15, angalieni kama kuna pini iliyopinda, irudisheni na kukaza skrubu zake mbili kwa vidole.

Kwa wale ambao bado wana za chogo: picha ikimetameta, ongezeni kasi ya kuchora upya kutoka hezi 60 hadi 75 au 85, kama monita inaweza. Picha ikiyumba au rangi zikichafuka kwenye kona, ondoeni spika, redio au kifaa chochote chenye sumaku kilicho karibu.

Somo la tano: Umeme, vumbi na monita chakavu

Kwa miaka mingi miji ya mkoa wa Kigoma ilitegemea majenereta ya dizeli, hadi gridi ya taifa ilipoanza kufika mkoani mwaka 2022. Sharika nyingi za vijijini bado zinatumia umeme wa jua. Hapo hesabu ni ya lazima. Monita ya chogo ya inchi 17 hula kama wati 80, na bapa ya ukubwa huo hula kama wati 30. Kwa saa 6 za kazi, ya kwanza inatumia wati-saa 480, ya pili 180. Paneli ya wati 100 ikipata jua zuri la saa 5 huleta kama wati-saa 400 baada ya upotevu. Maana yake ni kwamba monita moja ya chogo inaweza kumaliza paneli nzima kabla kompyuta yenyewe haijawaka. Ukiletewa ya bure, si bure.

Kwa vumbi, funikeni monita usiku kwa kitambaa, baada ya kuzimwa na kupoa. Ikiwa inawaka isifunikwe, maana inahitaji kupumua. Monita bapa ifutwe kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo tu, bila sabuni kali wala spiriti.

Monita ya chogo isifunguliwe na asiye fundi, hata ikiwa imechomolewa. Ndani yake hubaki umeme wa volti maelfu mengi. Kioo chake kina risasi, ile madini yenye sumu, kwa hiyo isivunjwe, isichomwe, isitupwe shimoni wala kando ya mto. Tanzania ina kanuni za taka za umeme na elektroniki za mwaka 2021, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Ulizeni afisa mazingira wa halmashauri kabla ya kuziondoa. Zetu mbili bado ziko stoo, zimefungwa, zikisubiri safari ya kwenda kwa mkusanyaji anayekubalika.

Neno kwa wahisani

Marafiki wapendwa, tunashukuru kwa kila kifaa mlichotupatia. Tunaomba jambo moja tu: mnapofikiria kutoa kompyuta, fikirini pia meza, kiti, soketi na pazia. Katika bajeti, vitu hivyo huitwa vidogo na hukatwa kwanza. Kwetu sisi kugeuza meza, kuongeza soketi na kulipa seremala kulitugharimu chini ya bei ya monita moja iliyotumika. Na kabla ya kututumia vifaa vya zamani, tuulizeni vinatumia wati ngapi.

Neno kwa kamati

Tangu tulipopanga chumba upya, orodha husomwa kwa sauti na watu wawili kabla ya malipo, na kazi ya namba hufanywa asubuhi, wakati macho hayajachoka. Hatusemi makosa yamekwisha. Tunasema kwamba yakitokea, swali letu la kwanza si tena "Nani amekosea?" bali "Alikuwa amekaa wapi?" Yule mama wa kitalu alipokuja tena tulimwonyesha meza mpya na kumweleza yote. Alicheka kidogo, akasema, "Kumbe mlikuwa mnaandika gizani mchana kweupe." Hatukuwa na la kujibu.

Uwakili hauishii kwenye fedha na mali. Shingo ya karani, macho ya mhasibu na mgongo wa mwinjilisti anayeandika taarifa usiku ni sehemu ya amana tuliyopewa.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika ofisi ya usharika wetu, meza iliwekwa pale ilipo kwa sababu gani? Je, ilimfuata mtu au ilifuata soketi?

2. Ni lini kiongozi alikaa kwenye kiti cha mtumishi wake kwa saa moja, kwa saa ile ile ya kazi?

3. Kuna mtumishi tuliyemkaripia kwa kosa ambalo huenda chanzo chake ni kifaa, mwanga au macho? Tutalirekebishaje, na mbele ya nani?

4. Nani miongoni mwetu ana zaidi ya miaka arobaini na hajapimwa macho?

5. Tuna vifaa chakavu vya umeme vilivyolala stoo? Tutaviondoa kwa njia gani iliyo salama?

Kazi ya kufanya kabla ya robo ijayo: zimeni monita, keti, tazama kioo cheusi. Andikeni mlichokiona, mtuletee. Tutafurahi kuchapisha majibu yenu, hata yale yanayotuonyesha kwamba bado tumekosea.

Mungu awabariki katika utumishi wenu.